Triga ya Mama Shekinah

Kwa heshima na taadhima, Waafrika Mashariki wote wa Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba ndugu Elihuruma Mshana wa Richfield, baba wa mtoto mmoja, mwenye akili timamu na meno yote isipokuwa mawili, Jumamosi iliyopita saa nne na dakika ishirini asubuhi alimwachia fundi kitu, akaondoka. Wanaomfahamu wakae chini kwanza, wanywe maji.

Wasiomfahamu tuwaeleze. Elihuruma ni mtoto wa Same, na huko Same alijifunza jambo moja ambalo amelishika kuliko mafundisho yote ya kipaimara: ukipeleka kitu kwa fundi, unakaa. Unaomba kigoda, unajibana mbele ya meza, unahesabu kila skrubu inayotoka na kila skrubu inayorudi. Marehemu baba yake aliwahi kuacha redio akaenda kunywa chai. Aliporudi redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari kama mtu mwenye mafua, na ile sauti nzuri ya mwanzo ikawa inasikika kutoka kwenye redio ya fundi mwenyewe.

Marekani haijambadilisha. Mafundi magari wa Richfield wana chumba cha kusubiria chenye kahawa na televisheni. Yeye husimama kwenye kioo cha mlango wa karakana, paji la uso limegandamana na kioo, pumzi inaweka ukungu, mpaka gari lishushwe chini.

Sasa, kitu chenyewe ni bastola. Kwanza si yake, ni ya mkewe, Avelina, nesi kule Maple Grove. Mwaka jana mwenzake wa kazini, Naftali, Mkenya mmoja mwenye maneno, alimwalika kwenye ukumbi wa shabaha Plymouth. "Twende tu-release stress, sister." Naftali alikuja na miwani ya njano na glavu zilizokatwa vidole, akapata tatu kati ya kumi. Avelina alikuja na sare ya kazini, akapata nane. Baada ya hapo nani angemzuia? Akachukua kibali, akanunua bastola yake, akajiandikisha kwenye mashindano ya wanaoanza.

Tatizo likawa triga, kile kifyatulio cha kidole. Miaka kumi na miwili ya kuwageuza wagonjwa kitandani imeuchosha mkono wake wa kulia. Ikifika risasi ya sita kidole kinauma, ya nane mkono unatetemeka. "Baba Shekinah," alimwambia mumewe, "hii triga ni nzito. Nipelekee kwa fundi ailegeze kidogo. Mashindano bado mwezi mzima."

Akaipeleka. Fundi wa silaha pale Plymouth ni mzee Timothy, Mzungu mwenye sharubu, duka lake limeshikana na ule ukumbi wa shabaha. Siku za kazi anatengeneza, Jumamosi anasimamia wapigaji. Aliipokea bastola, akavuta triga mara mbili ikiwa tupu, akaitikia kwa kichwa.

"Wiki tatu. Ni kazi ndogo, nitakupigia simu."

"Sawa. Nikae wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Hapana, nina maana hapa. Ukifungua, mimi nikae wapi?"

Mzee Timothy akamwonyesha kibandiko ukutani: mteja haruhusiwi kupita kaunta. Elihuruma akasema haongei, hashiki kitu, hata kahawa hanywi. Mzee akasema hapana. Elihuruma akaitazama bastola ya mkewe ikiwa imelala kwenye kaunta ya watu, akaiona ile redio. Akairudisha kwenye boksi lake.

"Fundi amesemaje?" Avelina aliuliza jioni.

"Amesema ni kazi ndogo."

Uongo haukuwemo. Ila kuanzia dakika hiyo Avelina aliamini bastola iko mikononi mwa fundi, na mumewe hakumsahihisha.

Na kwa nini amsahihishe? Elihuruma anafanya zamu ya jioni kiwandani, anaunganisha vidude vya kuwekwa moyoni, anatazama kwa darubini waya mwembamba kuliko unywele. Kama mioyo ya Wamarekani haijasimama mikononi mwake, itamshinda triga? Mtandaoni akampata jamaa mwenye ndevu na kofia aliyesema mara nne kwamba kazi hii si ya kila mtu. Elihuruma alijua wanasemwa wengine.

Jumapili baada ya ibada, Avelina akiwa kazini, alijifungia gereji. Ndege zilikuwa zinashuka uwanjani juu ya paa, mswaki wa zamani uko mezani, msasa laini uko mezani. Springi ya kwanza iliruka. Aliitafuta saa nzima, akaikuta ndani ya kiatu cha theluji. Kisha akakifikia kipande kidogo chenye ukucha, kile kinachoizuia nyundo ya kugonga risasi isianguke mpaka triga ivutwe. Akakisugua. Akajaribu. Ikawa laini kidogo. Akasugua tena, kwa sababu laini kidogo si laini. Aliporudishia vyote na kuvuta triga bila risasi, ilishuka kama kisu kwenye siagi. Alicheka peke yake. Hakuna fundi aliyegusa kitu!

Wiki tatu zilipotimia, Jumamosi, wakaenda kuijaribu, imebaki wiki moja kabla ya mashindano. Mzee Timothy alikuwa zamu, amesimama nyuma ya mstari na fulana yake nyekundu. Naftali alikuwa kibanda cha pembeni, amevaa zile glavu. Avelina ndiye alikuwa apige wa kwanza. Risasi tano zimewekwa, bastola iko mezani, mtutu unatazama mbele. Lakini alikuwa amesukwa upya Alhamisi, na vifunika masikio vikakataa kukaa juu ya rasta.

"Anza wewe, Baba Shekinah, mimi nafunga hivi vitu."

Risasi ya kwanza ilitoka vizuri mno. Elihuruma akageuza shingo amwone mkewe kama ameona.

Ya pili alivuta mara moja, zikatoka mbili.

Ile moja ya ziada ilipanda juu ikapasua dari, unga mweupe ukamwagika begani kwake. Hakuelewa. Aliitazama bastola. Kidole kilikuwa kimeshatoka kwenye triga, lakini nyundo imesimama nyuma, imeshikiliwa na ule ukucha alioupunguza kwa msasa, na kwenye chemba kuna risasi nyingine. Hesabu ilikuwa rahisi: tatu zimetoka, mbili zimebaki, na hapakuwa na kinachozizuia isipokuwa kazi ya mikono yake.

"Acheni kupiga! Wote! Wekeni chini!" Mzee Timothy alipiga kelele. Kisha, taratibu: "Wewe, kibanda cha nne. Usiiweke chini. Usifanye kitu chochote."

Elihuruma, kwa mazoea ya fundi wa darubini, alianza kuiinamisha bastola ubavu aone ndani kuna nini. Mtutu ukaanza kuelekea ubao unaomtenga na Naftali.

"Mtutu mbele!"

Aliurudisha. Nyuma ya ubao Naftali alikuwa chini sakafuni tayari. "Buda," sauti ilitoka huko chini, "mimi niko na watoto watatu. Usicheze na hiyo kitu."

"Nitaitoa risasi mwenyewe," alisema Elihuruma. "Naijua. Najua ilivyo ndani."

"Unajuaje ilivyo ndani?" aliuliza Mzee Timothy.

Jasho lilimwingia Elihuruma jichoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alihisi kitu kidogo sana ndani ya mpini, kama mdudu anayetembea kwenye chuma. Labda ni mapigo yake mwenyewe. Mzee alikuja nyuma yake, kifua kikamgusa mgongo, mikono miwili mikubwa ikapita kandokando ya mikono yake ikaifunika bastola.

"Nimeshika. Achia."

Vidole havikufunguka.

"Bwana, nimeishika. Achia, kisha urudi nyuma mpaka ukutani."

"Nataka nione unavyofanya," alisema Elihuruma. Sauti haikuwa yake.

"Mpatie mzee!" alisema Naftali kutoka sakafuni. "Wacha ubishi, Mshana, mpatie!"

Avelina alikuwa amevua vifunika masikio. Amesimama hatua moja nyuma, mahali pale pale alipokuwa akisubiri zamu yake. Tangu Shekinah azaliwe, na sasa Shekinah yuko chuo Duluth, hajawahi kumwita mumewe jina la ubatizo.

"Elihuruma," alisema. "Mwachie fundi."

Akaachia. Akarudi nyuma kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta, karibu na mkewe, na kwa mara ya kwanza maishani akafumba macho fundi akiwa kazini. Alisikia magazini ya risasi ikichomolewa. Akasikia chuma kikivutwa nyuma. Risasi ikaanguka sakafuni, ikabingirika, ikatulia.

"Iko tupu," alisema Mzee Timothy, na ndipo watu wakapumua. Akaipeleka kwenye taa, akaifungua kidogo, akachungulia. "Nani amefanya hivi?"

Avelina akamtazama mzee. Kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anapangusa unga begani kwa makini ya ajabu.

"Si ulisema ni kazi ndogo?"

"Mimi ndiye niliyefanya," alisema Elihuruma.

Avelina hakugomba. Wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa. Alikusanya mkoba wake, akasema mashindano atapiga kwa bastola ya Naftali, maana yule hana anachoifanyia. Kisha akamgeukia mzee: "Utaitengeneza?"

"Kile kipande kitatupwa, nitaweka kipya. Wiki tatu."

"Inabaki hapa," alisema Avelina. "Sisi tunakwenda nyumbani."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika ishirini. Elihuruma alitazama kaunta, akatazama kibandiko, akatazama mlango. Akaondoka.

Habari zilivuka mto mpaka Saint Paul kabla ya chakula cha mchana. Jumatatu asubuhi Naftali akampigia simu, amesahau sakafu, amejaa unyenyekevu wa mtu aliyenusurika.

"Mshana, nimekuinulia kofia. Mtu mzima kubadilika hivyo, ni neema. Umeacha kitu kwa fundi, ukatembea, hukugeuka nyuma. Saa hizi uko wapi, umepumzika nyumbani?"

"Nimepaki nje ya duka lake."