Mzee Hapendi Baridi

Nilipotoka edani, mdogo wangu alinipigia simu. Yeye ni muuguzi katika mji mdogo wa milimani, mbali na kwetu Lamu. "Dada, ndoo upumue huku. Ndia ni ndefu, lakini utapumzika." Sikutaka kwenda, wala sikutaka kubaki. Wanangu wakanivusha hadi Mokowe, wakanipandisha basi, nami nikakaa dirishani nikitazama miti bila kuiona.

Mji ule ni mzuri, ndivyo wasemavyo wote. Kuta za maduka zimechorwa ndege na nyuso za watu, na kila kichochoro kina msusi wa vikapu au mchonga vinyago. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini akanitembeza kote. Kila aliponyoosha kidole nilisema, "Mashaallah." Alinivika sweta lake juu ya buibui. Sikujua kama nasikia baridi au la.

Kesho yake tulipanda nje ya mji, kwa mama mmoja mfinyanzi, mcheshi, mwenye karakana kando ya shamba la viazi. Akanipa donge la udongo, akaniwekea mikono kwenye gurudumu. Chungu changu kikainuka kidogo, kisha kikalala upande. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu wao wamecheka.

"Na mzee, mbona hukuja naye?" akaniuliza, akinimiminia maji mikononi.

"Mzee hapendi baridi," nikamjibu.

Mdogo wangu akageuka kuniangalia. Tukapanda hadi kileleni, pale wageni wanapopigiana picha. Mabonde chini yetu yalikuwa yamejaa ukungu.

"Dada, kwa nini ulimwambia vile?"

"Ni kweli. Hakuipenda kamwe. Kusi ikivuma alikuwa akilala na soksi."

Akaanza kulia. Mfiwa ni mimi, na ni mimi niliyemfuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nikangoja na yangu yatoke. Hayakutoka. Tukashuka, tukala wali uliolala.

Niliporudi Lamu, nyumbani mtaa wa Wiyoni, majirani walikuja kunijulia hali.

"Haya Bi, tupe habari za milimani."

"Kuna baridi," nikasema. "Na watu wake huchora kuta."

Walifurahi kwamba nimetembea. Mmoja akasema uso wangu umepata nuru. Nikamshukuru, nikaingia jikoni kuwatilia chai.