Nyanya Aliyewaita Kumbikumbi Bila Mvua

Juzi niliingia duka kubwa moja kule Nyali kutafuta sabuni, nikamkuta kijana amesimama nyuma ya meza ndogo akigawa uji katika vikombe vya karatasi. "Onja, mama. Huu una protini ya kutosha." Nikamuuliza umetiwa nini. Akashusha sauti kidogo: "Unga wa nyenje." Mama mmoja aliyekuwa ameshanyoosha mkono aliurudisha upesi kama aliyegusa jiko. Mimi nikakipokea kikombe, nikanywa. Palepale ulimi wangu ukaitambua ladha ile: karanga zilizokaangwa vizuri, na kwa mbali harufu ya udongo uliorowa. Kijana akaniambia hicho ni chakula kipya. Sikumbishia. Nilikuwa nimeshafika Mishomoroni, mtaa wa utoto wangu hapa Mombasa, miaka mingi nyuma.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, rafiki yangu, ile yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Baba alifanya kazi bandarini, mama akiuza maharagwe ya kuchemsha barazani. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kimvita, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu ambayo watu wazima waliiogopa kuliko kelele. Katika chumba kilichoelekeana na chetu aliishi mama wa Kigiriama, muuza mihogo, aliyecheka kabla hata hujamaliza kusema. Nyuma ya nyumba, kupita choo, kulikuwa na kiwanja kitupu chenye mwarobaini na kichuguu kikubwa chekundu. Sisi watoto tulikipanda na kukiteremka, basi. Hatukujua ni kitu cha maana.

Mwaka mmoja mdogo wangu aliugua surua. Ilipomwachia, ilimwachia mifupa. Alikataa ugali, akakataa samaki, hata mahamri ya barazani aliyokuwa akiyalilia asubuhi akayasukuma kando. Mama alimpeleka kliniki, akapewa dawa, lakini tumbo la mtoto halikutaka kitu. Ndipo baba akaagiza nyanya aje kutoka Kakamega.

Alishuka kwenye basi na mfuko wa unga wa wimbi kichwani. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache tu, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya sokoni. Kwa kuwa mama hakuwa na nafasi, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Siku ya pili alizunguka nyumba, akakiona kichuguu. Akakigusa kwa kiganja, akainama akakinusa, akatabasamu kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa kali. Nyanya alifagia upande mmoja wa kichuguu, akafunika kwa leso kuukuu, akaacha upenyo mdogo, na chini ya upenyo akachimba shimo, akalitandika majani ya mgomba. Halafu akaketi, akalaza ubao chini, akaanza kuupiga kwa vijiti viwili. Kwanza polepole, tiki, tiki. Kisha kwa haraka. Kisha akapunguza. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu siri. Nikamuuliza anafanya nini. Akajibu kwa Kiluhya bila kuacha kupiga: "Nawanyeshea mvua."

Nilitazama juu. Wingu hata moja halikuwapo. Nikaweka sikio chini, na kweli, ule mlio ulipokuja kupitia ardhini ulikuwa manyunyu juu ya bati. Basi nikakaa kusubiri. Je, walioko ndani ya kichuguu wangeamini?

Lakini sikuwa peke yangu niliyetazama. Mtu mmoja aliyekuwa akipita njia ya nyuma alimwona bibi kizee asiyemjua amejiinamia kwenye kichuguu, akipiga vijiti na kunong'ona kwa lugha ngeni. Kufumba na kufumbua, kiwanja kilijaa watu. Nilisikia neno "majini". Kisha nikasikia "mchawi", na aliyelitamka alikuwa mwanamume aliyeshika rungu. Nawe wajua, kwetu huku neno hilo likishamwangukia mzee mwenye mvi, si neno la mchezo.

Nyanya aliendelea kupiga. Nadhani hakuelewa. Au alielewa.

Mwenye nyumba akatokea mlango wa nyuma, buibui begani. "Kuna nini hapa?" Wote wakampisha njia. Akanitazama, akaniita kwa mkono. "Ndoo, mwanangu. Nyanyako yuwafanya nini?"

Nikamuuliza nyanya, naye akajibu, nami nikatafsiri vilevile nilivyosikia: "Asema awadanganya."

"Awadanganya kina nani?" aliuliza yule mwenye rungu, akasogea hatua.

Kichwani nilitafuta neno la Kiswahili la wale wadudu, nisilipate. Nilikuwa sijawahi kulihitaji. Nikanyoosha kidole tu kwenye shimo.

Na ndipo wakatoka. Wa kwanza alijikokota, mbawa zake zinang'aa kama karatasi ya peremende. Akafuata mwingine, kisha wakamiminika, wakifurukuta chini ya leso na kuangukia kwenye majani ya mgomba.

"Kumbikumbi!" Yule mama wa Kigiriama alipenya katikati ya watu akicheka. "Nyie mwaogopa kumbikumbi? Kwetu Kaloleni twawala hawa!" Akamdaka mmoja, akampukuta mbawa, akamtupia mdomoni. Kisha akachuchumaa kando ya nyanya, akaanza kuokota. Hawakuwa na lugha moja, lakini mikono yao ilienda sawia.

Mwenye nyumba alimgeukia mwenye rungu. "Umeona? Haya, mwombe mzee radhi." Yule mtu akalamba midomo, akasema, "Shikamoo, nyanya." Hilo nyanya alilielewa. Akaitikia marahaba, akamwekea kiganjani kumbikumbi watatu. Sitasahau uso wa yule mwanamume.

Tuliwakaanga kwenye sufuria bila mafuta, kwani wana mafuta yao wenyewe, tukanyunyiza chumvi. Harufu ilijaa ukumbi mzima. Mwenye nyumba hakula. Alisema nzige wajuzu kuliwa, ila hawa hana hakika, atamuuliza mwalimu wa madrasa. Lakini alisimama mlangoni akinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kumbikumbi waliobaki tuliwaanika, nyanya akawatwanga katika kinu cha jirani, akauchanganya unga wao na wa wimbi. Mdogo wangu alikunywa uji ule akamaliza, akakwangua bakuli. Kesho yake aliudai mwenyewe. Kabla mvua za masika hazijaisha alikuwa anakimbia. Sijui kama ni kumbikumbi waliomponya, au wimbi, au mapaja ya nyanya aliyokuwa amekalia akinyweshwa. Nilimuuliza nyanya walijuaje kutoka, akasema: "Hawakujua. Walitumaini."

Nyanya alirudi kwao, na huko ndiko alikozikwa. Mwenye nyumba naye alitangulia mbele za haki, wanawe wakauza, na kiwanja kile sasa kina ghorofa lenye geti la chuma. Jirani hamjui jirani anakula nini, wala hataki kujua. Mvua ikinyesha, kumbikumbi huruka kwenye taa za korido, na asubuhi mlinzi huwafagia.

Msimu uliopita tulipata kichuguu nje kidogo ya mji, mimi na huyo mdogo wangu, ambaye siku hizi ni baba mwenye kitambi. Tukafagia, tukafunika, tukalaza ubao. Mimi nikapiga. Akasema nakwenda mbio. Akapiga yeye, nikasema hapana, nyanya alikuwa akipumzika hapa katikati. Tukabishana hivyo juani hadi koo zikakauka, kila mmoja akiwa na mvua yake. Mwishowe mchwa mmoja, askari mwenye kichwa kikubwa, akajitokeza kwenye upenyo. Akapunga kichwa huku na huku, akatusikiliza, kisha akarudi ndani.