Mistari Miwili ya Jina Moja

Binti yangu ameajiriwa kuhamisha rejista kuukuu za vizazi ziingie kwenye hifadhidata ya mtandaoni, na kutoka humo azitoe tena kama hati za PDF. Mwanzoni hati zake zilikuwa picha tupu za kurasa. Ukigusa neno, halishikiki. Alihangaika nazo wiki nzima mpaka akaweza kuzitoa zenye maandishi yanayochagulika: unapitisha kidole juu ya neno kwenye kioo, linageuka buluu, unalinakili unakotaka. Akaniita nikaone, kwa kuwa baadhi ya rejista hizo nilizishika mimi kabla yeye hajazaliwa.

Nilipokaa kando yake, mashine ilikuwa imetia alama nyekundu kwenye mistari miwili.

"Mama, huyu ameandikwa mara mbili," akasema. "Jina moja, baba mmoja, mama mmoja, kijiji kimoja. Inaniuliza nifute upi. Nadhani huu wa kwanza."

Niliyatambua majina yale, nikamwambia aondoe mkono. Nilisema kwa ukali, naye si mtoto wa kukaripiwa tena, ana watoto wake. Aligeuka akanitazama, na ikanibidi nimweleze.

Nilifika Malindi miaka ya themanini, msichana wa bara mwenye cheti cha kupiga chapa na kiburi tele. Nilipata kazi katika ofisi ya rejista. Mtu akija kutaka karatasi ya kuzaliwa ya mwanawe, nilifungua kitabu, nikautafuta mstari wake, nikaupiga chapa kwenye fomu: karatasi tatu, na kaboni mbili katikati. Ukikosea herufi moja unaanza upya, kwa maana kufutafuta hakukuruhusiwa. Mimi sikuwa mtu wa kuanza upya. Wenzangu walisema taipureta yangu inasikika mpaka sokoni, nami nikafurahi, wala sikujua kwamba walikuwa wananicheka.

Karani mkuu alikuwa mzee mwenyeji wa mji, mtu wa maneno machache na Kiswahili kilichotulia. Wiki yangu ya kwanza aliniambia, "Binti yangu, ukishaliona jina usisimame hapo. Usome ukurasa hadi chini na zinazofuata, kisha ndipo upige." Nikamjibu ndiyo mzee, na nisifanye. Kwangu mimi, jina likishalingana, na la baba, na la mama, na kijiji, kazi imekwisha. Foleni ilikuwa inafika barabarani.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka upande wa Magarini, amevaa hando, ile sketi ya marinda mengi ya wanawake wa Kigiryama, na viatu vyake ameviweka kwapani visichafuke. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, lakini sikumwamkia. Kwetu bara shikamoo haikuwa salamu ya kila siku, nami niliona ni kupoteza wakati. Alitaka karatasi ya mwanawe aandikishwe darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa amempa mpaka Ijumaa, la sivyo mtoto angesubiri mwaka mwingine. Nilimtafutia, nikampigia, nikamkabidhi kabla hajapata pa kukaa. Hakujua kusoma. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la leso yake, akashukuru sana.

Alhamisi alirudi. Alisimama pembeni mpaka foleni ikaisha, ndipo akaifungua ile leso na kuiweka karatasi kaunta.

"Mwanangu, hii si ya huyu mtoto."

"Jina si lake?"

"Ni lake."

"Na baba si huyo?"

"Ndiye."

"Sasa, mama, unataka nini? Mimi nimenakili kilichoandikwa."

"Shemeji yangu amenisomea siku ya kuzaliwa," akasema. "Hii ni ya mwenziwe. Yule aliyemtangulia."

Bado sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu yake. Aliishi miezi minane, akashikwa na homa, akafa. Alipozaliwa mwingine wa kiume alipewa jina lile lile, kwa sababu babu alikuwa bado hajapata wa kumrithi jina. Kwao ndiyo desturi, na mtu yeyote wa pale angejua kuuliza ni yupi. Kwetu jina la mtoto aliyekufa halirudiwi, kwa hiyo halikuwa limenipitia akilini kabisa kwamba mistari yaweza kuwa miwili.

Nilifungua rejista. Wa pili alikuwa kurasa chache mbele. Na kwenye mstari wa kwanza, pembezoni, palikuwa na msalaba mdogo wa penseli. Nilikuwa nimeuona tangu juzi. Nilidhani ni alama ya karani fulani aliyekuwa akihakiki, kumbe ni ya aliyekufa.

Niliipiga karatasi ya pili bila kuinua macho. Mhuri ukagongwa, akapata alichokijia, na shule mtoto angeingia. Ikabaki ile ya kwanza. Kanuni ilikuwa hati iliyokosewa ichanwe vipande vinne mbele ya aliyepewa, isije ikatumika mahali. Nikanyoosha mkono kuichukua. Akaweka kiganja chake juu yake.

"Hii niachie."

"Haiwezekani."

"Sitaipeleka popote. Nitaiweka tu."

"Mama, nimesema haiwezekani."

Nikaivuta chini ya mkono wake nikaichana. Niliichana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kosa lilikuwa langu na nilitaka liishe mbele yangu. Mpaka leo naona aibu.

Alivitazama vile vipande, akasema kwamba hawakuwahi kumpiga picha yule wa kwanza. Walishahama, na pale walipomzika sasa pana shamba la watu wengine. "Shemeji aliponisomea siku yake," akasema, "niliona kumbe kuna mahali bado yupo."

Karani mkuu alikuwa amesikia yote kutoka mezani kwake. Aliinuka, akaibeba ile rejista, akaigeuza imwelekee yule mama, jambo ambalo halikuruhusiwa kwa mtu wa nje. Kisha akaniambia, "Mwonyeshe."

Nikamwonyesha.

"Ni hapa?"

"Hapo."

Aliweka kidole mwanzo wa mstari, akakipitisha polepole mpaka mwisho, akakirudisha. Wino ulikuwa umekauka miaka mingi, lakini aliinua kidole akakitazama.

"Asifutwe," akasema.

"Hafutwi, mama."

Alipofika mlangoni nikamwambia shikamoo, salamu niliyopaswa kumpa siku ile ya kwanza. Akageuka akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akavaa viatu vyake akaenda zake. Sikumwona tena. Tangu siku hiyo nilisoma kurasa mpaka chini na zinazofuata. Kasi yangu ikapungua, na wenzangu sasa wakanicheka waziwazi.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaiambia mashine yake kwamba hao ni watu wawili, na ile alama nyekundu ikaondoka. Kisha akaniuliza kama ningependa kuiona hati ya yule wa kwanza. Akabonyeza mara mbili, ikaja: jina, siku, baba, mama, kijiji. Haikuchukua hata muda wa kutia kaboni kwenye taipureta.

Nikaweka kidole mwanzo wa mstari, nikakipitisha polepole mpaka mwisho. Wote ukageuka buluu.

"Umeushika," binti yangu akasema. "Sasa unataka kuunakili wapi?"

Sikuwa na pa kuupeleka. Aliyeitaka karatasi hiyo nilimchania mbele ya macho yake.