Vyura Wasio na Kwao

Kosa lilikuwa langu na sitalizungusha. Niliandika kwa kalamu ya wino mahali palipotaka penseli.

Nilikuwa msaidizi katika maabara ndogo milimani, juu ya Muheza. Mkamata vyura wetu alikuwa mzee wa Kibondei, mgomvi kwa kila kiumbe isipokuwa vyura. Kwenye dimbwi moja la shamba la mkonge alikuwa amegundua chura mdogo wa matete, hazidi pingili ya kidole, mwenye mstari mwekundu pajani. Wataalamu walisema huenda ni yule yule wa kawaida wa pwani, huenda siye. Mzee hakuwa na huenda.

"Huyu ana kabila lake," alisema, na alitaka hilo liandikwe kitabuni kabla hajafa.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni kwa foleni, unga wa njano kwa foleni, na penseli hazikupatikana hata Tanga mjini. Daftari nalo halikuwepo. Basi nilikata kadi kuukuu vipande vipande, nikaandika jina la dimbwi kwa wino, nikafunga kila kipande kwa uzi mguuni mwa chura. Chupa zenyewe zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo nikawatia wote katika chupa moja ya spiriti, wa dimbwi lile na wa madimbwi mengine. Hati yangu ilikuwa nzuri, nikajisifu.

Chupa ikakaa kabatini miaka, maana nauli ya kuipeleka kwa wataalamu haikuwepo. Enzi ya ruksa ilipoingia na maduka yakajaa, mtaalamu mmoja akaja mwenyewe. Akaifungua. Spiriti ilikuwa imeingia ubuluu wa wino, vile vipande vya kadi vyeupe pe, na vyura wamepauka wote, wa huku na wa kule hawatambulikani.

"Wametoka wapi?" akauliza.

Nikageuza kadi moja baada ya nyingine. Akasema bila maandishi hawezi kuamua lolote.

Nikashuka na mzee kwenda kukamata wengine. Shamba lilikuwa limeuzwa. Mmiliki mpya alichimba mifereji, akakausha dimbwi, akapanda michungwa. Tulitafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, hatukuona hata tete moja. Hapo ndipo nikamweleza habari ya wino. Nilitamani anitukane, kwani matusi yake nilishayazoea. Hakunitukana, na mpaka leo inaniuma.

"Mie najua walitoka hapa," alisema. "Weye nawe wajua. Mashahidi wawili hao. Hatutoshi?"

"Hatutoshi, baba."

Alifariki kabla ya masika. Siku ya hitima nilikaa na wanawake uani, tukichambua mchele. Mjane wake akanisogelea, akaniuliza kama kile kitabu chenye chura wa mzee kimeshatoka, wajukuu wapate kusomewa.

Nikamwambia bado kinachapwa.