Kikwembe cha Malkia

Maman alikuwa na kikwembe kimoja, kitenge ambacho hakikuwahi kuguswa na fundi cherehani. Kilichapwa sura ya malkia wa Ubelgiji, amevaa kofia, maua yamemzunguka. Kwetu Bukavu, Kongo, walikigawa malkia alipokuja kututembelea, enzi za wakoloni. Maman alikibeba katika ukimbizi wote hadi hapa Anderlecht, Brussels. Mimi nilikichukia. Kila mara nilimwuliza, kweli maman, Wabelgiji hawa walitutendea jema gani hata umtunze malkia wao kabatini na nafutalini ya kuzuia wadudu? Yeye alicheka tu, akasema bon, haya, niache kelele, niweke chai motoni.

Hapa Brussels malkia yule bado anagombanisha watu. Kuna wazee wanaomlilia kama mama yao mzazi, na kuna vijana wanaotaka sanamu yake iondolewe. Mimi nilikuwa upande wa vijana na sikuficha.

Alipolazwa mara ya mwisho, maman akaniambia anataka kuzikwa ndani ya kikwembe kile. Loo, nilikasirika mpaka machozi. Nikamwambia simziki mama yangu amevishwa mkoloni, hata akinilaani. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitamka: baba yake alichukuliwa kwa nguvu kwenda kuvunja mawe ya barabara ambayo malkia angepita, na hakurudi tena. Barabara ilipokwisha, watoto wa shule wakapangwa kandokando yake na maua mikononi. Maman alikuwa mmoja wao. Aliimba huku macho yakimtafuta baba yake katikati ya watu.

"Munifunge naye, uso wake ukuwe ndani, tuangaliane," akasema. "Niko na neno la kumuuliza."

Miaka yote ile nilidhani anampenda. Nilimshika mkono nikalia, naye akanibembeleza kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Siku ya kumvalisha, mimi na wamama wa kanisa tulimfunga vile alivyotaka. Mfanyakazi wa nyumba ya maiti, Mbelgiji mmoja mpole, akaona upande wa kikwembe uliofifia uko nje, akadhani tumekosea. Kwa heshima akanyoosha mkono akigeuze, picha ya malkia wake ionekane. Nilimzuia. Nikamwambia kwa Kifaransa amwache maman, wana mazungumzo.