Siku Sita Nyuma ya Kisiwa

Mvua ya baharini haina harufu. Jambo hilo lilinishangaza kuliko mawimbi, kuliko hata ukubwa wa maji yenyewe, kwa sababu kwetu Sindeni, wilayani Handeni, mvua huanza puani. Vumbi la miezi hulowa kwa dakika moja, harufu yake ikaingia hadi chumbani, na Bibi, mama yake Baba, huacha chochote alichoshika akatoka nje na ndoo. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na masika yalichelewa mpaka watu wakaanza kujibizana kwa ukali visimani. Baba alikuwa mpishi kwenye mashua ya tanga iliyotembeza wageni visiwani, na likizo fupi ya Aprili akaomba ruhusa anichukue katika safari ya mwisho ya msimu. Bibi alikubali kwa sharti moja: mvua za kupandia zikianza, Baba awe shambani. Mbegu za mahindi zilikuwa zimening'inia jikoni juu ya moshi, na magoti ya Bibi yalikuwa yamegoma. Asingeweza kupanda ekari mbili peke yake.

Mashuani tulikuwa watano: Baba, mimi, Nahodha Bakari, na wageni wawili, mume na mke, walimu wastaafu waliojua Kiswahili cha kuombea chai. Siku ya tatu ya safari wingu zito jeusi lilipanda upande wa kusini. Nikapiga makofi na kumwita Baba aje aone. Maishani mwangu sikuwahi kuona wingu la namna ile likawa habari mbaya. Nahodha alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mzee Mhina, mwanao anashangilia dhoruba," alimwambia Baba, kisha akageuza mashua, tukajificha nyuma ya kisiwa kidogo kisicho na watu wala kisima. Akatia nanga mbili na kusema tutangoja mpaka kesho.

Kesho ilikuja na upepo uleule, na keshokutwa pia. Kamba zilipiga mlingoti usiku na mchana, nguo hazikukauka, mkate uliota ukungu, na mgeni wa kike alitapika mpaka akaacha kutuomba radhi. Mimi nilichoka vibaya. Mvua zilikuwa zikija na kupita, nzito na fupi, na baina yake tulicheza karata zilizolowa zikagandamana. Siku ya pili ya kungoja, redio ya Nahodha ikasema katikati ya mikwaruzo kwamba mvua zimeanza Handeni na Korogwe. Baba alikuwa akimenya viazi. Akaendelea kumenya, ila maganda yalianza kutoka manene.

Siku ya tatu maji ya kunywa yalifika chini ya tangi. Nahodha alituita sote. Kutoka pale ilibidi kupita kwenye mlango mwembamba wa mwamba, na tuliona wenyewe jinsi mawimbi yalivyopasuka pande zote mbili. "Upepo ningeuvumilia wiki nzima," alisema. "Kiu siiwezi. Kesho asubuhi tunatoka." Mgeni wa kiume akanyoosha kidole juu, kwenye mvua. Nahodha akatikisa kichwa. Aliwahi kukinga mvua kwa turubai, yakatoka maji ya chumvi yaliyowaharisha mabaharia wake wote. Mimi moyoni nilifurahi, kwa sababu kutoka kulikuwa na maana ya kurudi nyumbani, na kurudi kulikuwa na maana ya kupanda. Baba alikuwa ameshika sufuria tupu, akiigeuzageuza.

"Ulikinga ya kwanza, Nahodha," alisema mwishowe.

Kwetu Handeni, ambako maji hayajawahi kuwa mengi, hata mtoto anajua kwamba mvua ya kwanza haikingwi. Bati limekaa na vumbi na mavi ya ndege; unaiachia mvua ioshe paa, ndipo unatega ndoo. Baba alisema chumvi ya bahari ni vumbi kama vumbi lingine. Akalegeza turubai lililofunika sitaha, likabonyea katikati, na mvua ilipokuja akawa anayamwaga baharini maji ya kwanza, akizuia kila mtu asiguse chombo. Kazi yangu ilikuwa kulamba turubai. Nililamba, nikasema chumvi. Nikalamba tena, chumvi. Mara ya tano ulimi haukuonja kitu, na Baba akatoa amri tutege madumu. Tangu hapo akatuongoza kwa sheria za kwetu: kikombe kimoja cha kunawa, na maji yaliyoosha mchele yanaosha sahani. Mgeni wa kike alipotaka kuosha nywele, Baba alimwambia, "Hapana, mama," kwa upole ambao haukuwa na mlango.

Nilimkasirikia. Nilimwambia tungekuwa tumeshatoka, na Bibi anatungoja. "Najua," alisema, akaenda kukaza kamba.

Tulitoka siku ya sita, bahari ikiwa shwari. Kutoka Tanga tulipanda basi hadi Korogwe, kisha lori hadi Sindeni. Mahindi ya majirani yalikuwa yameshachipua. Letu lilikuwa shamba jeusi tupu. Tulianza kupanda siku ileile, lakini mvua ilikatika kabla ya mahindi yetu kutoa maua, na mwaka ule tulikula makopa ya muhogo mpaka nikayachukia.

Sasa ninaishi Korogwe mjini. Simu inaniambia mvua itaanza saa ngapi, bomba lipo uani, na bado kungoja kumetushinda. Nimeona basi likiingizwa kwenye maji yanayovuka barabara kwa sababu abiria tulikuwa tunapiga kelele, na nakiri kelele yangu ilikuwamo. Masika haya nilipokwenda kumjulia hali Baba, nilimwuliza kwa nini hakunyamaza siku ile nyuma ya kisiwa. Angenyamaza, tungetoka, na pengine tungepita salama tukawahi kupanda. Miaka yote nilidhani subira kwake ni kama usingizi, inamjia tu.

Alicheka kidogo. "Mle ndani hakuna aliyetaka kuondoka kuliko mimi," alisema. "Ndiyo maana nilikupa wewe ulambe turubai. Ningelamba mwenyewe, ningesema bado ni chumvi."