Wananchi Walipiga Kula

Nakumbuka siku moja darasa zima lilinicheka, mwanangu, na hadi leo sijawasamehe wote. Tulikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa unakaribia. Katika jaribio la Kiswahili niliandika kwa saa tatu nzima bila kuinua kichwa, nikidhani hiyo ndiyo bidii. Mwalimu akaisoma insha yangu kwa sauti: "Wananchi walipiga kula."

Nilitaka kuandika kura. Kwetu Ngara l na r hutusumbua wengi, na mimi nikichoka ndiyo basi tena. Ukurasa wa kwanza sikukosea hata neno moja. Wa mwisho ulijaa makosa.

"Kidato cha tano usikiwaze, binti," mwalimu akasema. "Wewe ni wa jembe."

Nilirudi nyumbani Nyakisasa nimefura. Nikalichukua hilo jembe, nikaingia kwenye maharage ya bibi, nikapalilia kwa hasira bila kupumzika. Bibi akaja, akaushika mpini.

"Mjukuu wangu, umekata maharage, magugu umeyaacha! Ukifika mwisho wa mstari nyoosha mgongo, utazame ulikotoka. Nani kakuambia kuinama tu ndiyo kazi?"

Siku ya mtihani nilifanya hivyo hivyo. Kila nilipomaliza swali niliweka kalamu chini, nikanyoosha mgongo, nikatazama migomba dirishani. Kisha nikapitisha kidole kwenye jibu langu, nikisaka l na r. Msimamizi akanijia.

"We binti, umelala?"

"Sijalala, mwalimu. Nimefika mwisho wa mstari."

Hakunielewa, shauri yake. Nilifaulu, nikaenda kidato cha tano, na jembe sikuliacha vilevile. Maharage unayokula hapa ni yangu.

Basi, mwanangu, kesho kabla ya mtihani wako kunywa uji kwanza. Usiingie na tumbo tupu kwa kujitia ushujaa. Ukijikuta unasoma sentensi moja mara tatu bila kuielewa, weka kalamu, nyoosha mgongo, pumua, halafu urudi. Jirani yako akiandika kama anafukuzwa, mwache. Na asikuambie mtu, awe mwalimu awe nani, kwamba akili ya mtoto wa Ngara inaishia ukurasa wa kwanza.

Nenda. Mungu akuweke macho mpaka kengele ya mwisho. Kura yangu umeshaipata, na nimeiandika kwa r.